Trafiki wa Njia Panda

Miezi michache iliyopita simu ya mume wangu iliisha chaji tukiwa safarini, kwenye barabara ya vumbi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuipita. Mbele njia ikagawanyika. Pembeni palikuwa na kiduka, na mbele ya kiduka mwanamume mtu mzima ameketi juu ya kreti la soda, anatutazama kama mtu anayengoja kuulizwa. Mume wangu akapunguza mwendo, akaanza kushusha kioo. Nikamwambia asimuulize. Alidhani natania, lakini aliponiangalia usoni akakipandisha. Tulikaa pale injini ikiunguruma, simu imechomekwa kwenye chaja ya gari, mpaka ilipopata nguvu na ramani ikarudi. Yule mzee wa watu hakuwa amenikosea lolote. Alikuwa tu amekaa mahali pabaya.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Tulikua wakati gari likifika ugenini linakuwa mikononi mwa mtu wa kwanza atakayeonekana barabarani. Mimi nilikuwa darasa la tatu nilipojifunza kwamba mtu huyo wa kwanza anaweza kuua kwa kidole.

Kijiji chetu kiko bondeni, upande wa Mlola. Ukitoka Lushoto unapanda na kushuka, unapita chini ya miti mikubwa iliyovaa kuvu kama ndevu, halafu unafika penye njia mbili. Ya kulia inateremka kwetu. Ya kushoto inapanda ukingo hadi kwenye kiwanda cha mbao kilichokufa zamani, na hapo inaishia porini. Kukiwa na jua utaona paa za bati bondeni na utajua pa kwenda. Lakini kwetu jua ni mgeni. Ukungu unaweza kushuka asubuhi ukashinda hadi jioni, mzito, wenye harufu ya moshi wa kuni mbichi, na dereva asione hata boneti ya gari lake mwenyewe. Kibao cha kuonyesha njia kiliwahi kuwepo pale. Watu walisema kilipasuliwa kikawa kuni, na kila mtu alijua ni jiko la nani lililoota moto wake.

Jiko hilo lilikuwa la mzee tuliyemwita Trafiki. Jina lake halisi sitalitaja, ana wajukuu. Nyumba yake na kiduka chake vilikuwa hapo hapo zinapogawanyika njia, na shughuli yake kubwa ilikuwa kusimama barabarani na kunyoosha mkono. Zamani mazao yetu yalichukuliwa na chama cha ushirika, na gari la chama lilijua njia. Chama kilipokufa tukaambiwa soko sasa ni huria, mwenye gari yeyote aje anunue. Magari yakaja kweli, kutoka Mombo, Korogwe, hata Dar es Salaam, yakitafuta plamsi, peasi na kabichi. Yakifika njia panda, Trafiki aliyaambia daraja la bondeni limechukuliwa na maji. Akipewa chochote, daraja lilirudi mahali pake. Asipopewa, gari lilielekezwa kwingine, na jioni ndugu yake alishuka kwetu na pikapu kununua matunda kwa bei aitakayo, maana sisi tulikuwa tumeshinda barazani na matenga tukingoja magari yasiyokuja.

Baba yangu, Hoza, alikuwa mtu mpole lakini mbishi. Siku za soko alitembea kwa miguu hadi Mlola, akasimama katikati ya magari na kuwaambia madereva kwamba daraja ni zima, washike kulia. Baadhi walimsikiliza. Trafiki alipopata habari alimsubiri baba akirudi, mimi nikiwa nimeshikwa mkono.

"Hoza, unanifungia duka langu," alisema.

"Duka lako ni mdomo, mzee," baba akamjibu. "Kafungue lingine."

Walikuwepo watu, wakacheka. Nami nilicheka. Trafiki hakucheka, na tulipoondoka nilihisi macho yake mgongoni hadi tulipopinda kona.

Haukupita msimu mmoja baba akashikwa na tumbo. Lilianza kama kawaida, mama akamchemshia dawa, lakini kulipokucha alikuwa amejikunja kama mtoto, jasho linamtoka na baridi ile. Kumbeba kilimani hadi barabara ya basi kulishindikana. Kila walipomnyanyua alipiga ukelele uliowafanya wamlaze tena. Mama akatuma ujumbe kwa utingo wa basi dogo la asubuhi ampelekee kaka yake Lushoto. Mjomba alikuwa amesafiri, lakini mkewe alihangaika mpaka akapata Landrova ya kukodi. Utingo aliporudi alituletea habari kwamba gari limeshatoka, lipo njiani. Tukafurahi. Jirani alikuwa na godoro jembamba, akalikunja na kuliweka mlangoni tayari kwa kutandikwa nyuma ya gari.

Ukungu siku hiyo ulikuwa mlangoni kabisa. Nilitumwa kusimama kwenye ukuta wa mawe nisikilize. Nilisikiliza kwa nguvu hadi nikawa nasikia magari yasiyokuwepo, mara mbili nikakimbia ndani kusema linakuja. Mara ya tatu sikukimbia. Baba alifariki alasiri, mkono wake umeshika ukingo wa kanga ya mama, na godoro la jirani bado limekunjwa mlangoni.

Dereva wa Landrova alikuja wakati wa matanga. Alikuwa kijana, akavua kofia tangu mbali. Aliwaamkia wazee, akakaa chini kwenye mkeka, akakataa chai. Alieleza kwamba alipofika njia panda hakuona kitu, akasimama kumuuliza mzee mmoja aliyetoka kwenye kiduka. Alimwambia anakwenda kwa Hoza kuchukua mgonjwa mahututi. Yule mzee akanyoosha mkono kushoto. Akapanda ukingo, akafika kwenye magogo yaliyooza, alipogeuza gari likatitia matopeni, na akakaa huko hadi walipopita wachoma mkaa wakamsukuma.

Mama alikuwa amekaa kwenye kona, amejifunika. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu maziko.

"Ulimtaja jina? Ulisema Hoza?"

"Nilimtaja, mama. Tena mara mbili, maana aliniambia hasikii vizuri."

Mama hakulia. Alimwomba aeleze tena tangu mwanzo, na alipomaliza akamshukuru na kumwombea safari njema. Wazee walimwita Trafiki, akaja na uso wa msiba. Akaapa kwamba siku ile alikuwa na homa, hakuona gari wala dereva. Nani angebishana? Lilikuwa neno la kijana wa mjini dhidi ya mtu mzima mwenye mvi. Wazee wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mama aliitikia amina pamoja nao. Ila usiku, tulipolala kitanda kimoja, nilisikia meno yake yakisagana, nami nikaanza kusaga yangu.

Alipotoka eda, mama alijitwika tenga la plamsi, akanishika mkono, tukapanda basi dogo hadi Mombo. Sikuwa nimewahi kushuka milimani. Joto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria, na harufu ya dizeli na mishikaki ilinizungusha kichwa. Kando ya barabara kuu malori yalipanga foleni, na mama alikwenda kutoka lori moja hadi jingine akiwaonjesha madereva plamsi na kuwaambia bondeni kwetu zinaoza. Walikula, wakazisifu, wakakataa. Mmoja alisema aliwahi kupotea huko nusura atumbukie korongoni. Mwingine akasema daraja halipo, aliambiwa na mwenyeji. Mama aliuliza mwenyeji yupi, na kila alipoelezewa alitikisa kichwa taratibu kama anayemeza.

Wa mwisho alikuwa mtu mfupi mwenye kipara, jina lake Salimu, mwenye Canter ya kijani. Alisikiliza yote huku anakula, kisha akasema hahitaji mwenyeji. Akafungua kisanduku cha mbele ya gari, akatoa kitu cha ukubwa wa redio ndogo ya mkono, chenye kioo cha kijivu na kipembe kifupi. Alikuwa dereva wa wazungu waliokuwa wakichunguza misitu, walipoondoka kurudi kwao wakamwachia zawadi. Alikiita jipiesi. Alituambia kinaongea na satelaiti, vitu vilivyo juu kabisa, kupita mawingu, ambavyo havizuiwi na ukungu wala giza. Ukipita njia mara moja kinaikumbuka, ukirudi kinakuonyesha mshale.

"Mama, panda na mimi mara moja tu," alisema. "Mara ya pili nitakuja mwenyewe, hata kama wewe na mimi hatuonani."

Hapo ndipo lilipoanza kosa langu la kitoto. Madrasa tulikuwa tumefundishwa kwamba kila mtu ana malaika wawili wanaoandika matendo yake, mmoja kulia na mmoja kushoto. Niliposikia kuna vitu juu vinavyoona kupita ukungu, sikuhitaji maelezo zaidi. Nilijua kifaa kile kinaongea na nani. Na kama wanaona kupita ukungu, basi siku ya Landrova waliona mkono wa Trafiki ukinyooka. Kilichobaki ni wao kusema.

Tulipanda mlima siku iliyofuata, mimi katikati ya kiti, kifaa kimewekwa mbele ya kioo juu ya kitambaa. Chini ya miti mikubwa kilinyamaza na kuandika maneno ya Kiingereza, na Salimu akasema kimepoteza mbingu. Tulipotokea peupe kikaamka. Nikaona alama ndogo inasogea, ikiacha nyuma yake mstari kama njia ya konokono. Njia panda kulikuwa na jua. Trafiki alitoka, mkono tayari umenyanyuka, kisha akamwona mama kwenye kiti cha mbele. Mama hakumtazama. Nilimtazama mimi, halafu nikatazama kioo, nikingoja kitu kitokee.

Tulipofika uwanjani kwetu Salimu alibonyeza vitufe, akamuuliza mama mahali hapa apape jina gani, jina fupi. Mama akafikiri kidogo, akasema aandike Hoza. Nikaona herufi za jina la baba zikitokea kwenye kile kioo moja baada ya nyingine. Mama aligeuka kando na kupenga kamasi kwa ncha ya kanga.

Salimu aliahidi kurudi, lakini siku aliyoahidi ukungu ulishuka mzito kuliko wa siku ya baba. Majirani walileta matenga yao hata hivyo, wengine kwa imani, wengine kuja kumwona mjane akiaibika. Plamsi zilizopasuka zilianza kunuka pombe. Ndugu yake Trafiki alikuwa ameshashuka na pikapu yake, ameegesha pembeni, anachokonoa meno. Alimwambia mama asijisumbue, leo hakuna gari la mgeni litakalofika. Mama alikaa juu ya tenga lake, mikono magotini. Mimi nilikuwa kwenye ukuta ule ule wa mawe, na sikuyaamini tena masikio yangu. Muungurumo ulipokuja sikusema neno. Nilingoja mpaka taa mbili za njano zilipotoboa weupe, ndipo nikagundua kwamba nimejiuma ulimi.

Salimu aliteremka akicheka. Alisema njia panda mzee mmoja alimsimamisha, akamwambia daraja halipo, ashike kushoto. Akamshukuru, akaangalia mshale, ukasema kulia. Mzee akapiga bodi ya gari akimwambia anakwenda kufa. "Nikamwambia, shikamoo babu, naenda kwa Hoza."

Nilimwona mama akifumba macho aliposikia hivyo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepakuliwa chakula baada ya njaa ndefu. Yule wa pikapu aliondoka bila tenga hata moja.

Baada ya hapo walikuja wengine. Kwanza walimfuata Salimu nyuma, taa kwa taa, kisha dereva mmoja wa Korogwe akapata kifaa chake, Salimu akamwekea njia yetu humo. Madereva wale hawakuwa mashujaa. Walikuwa watu wa kawaida wenye madeni na watoto, waliochoka kukesha korongoni kwa sababu ya mtu mmoja mwongo. Sasa walipita njia panda bila kukanyaga breki. Trafiki aliendelea kutoka na kunyoosha mkono, siku baada ya siku, na magari yakampita. Kiduka kikaanza kukosa sukari, kisha chumvi, kisha kikafungwa. Nikitoka shule nilipunguza mwendo pale makusudi ili nione. Nilifurahi nilipoona bati lake limeanza kutu. Nilifurahi alipouza mbuzi wake. Nasema hivi bila haya, na mkitaka mtoto mwenye moyo safi mtafute hadithi nyingine.

Lakini mimi bado niliwangoja malaika. Siku moja Salimu akinywa chai nilipanda ndani ya gari, nikaweka mdomo karibu na kile kioo, nikauliza Trafiki alifanya nini siku aliyokufa baba. Kikaandika maneno yake ya Kiingereza. Nikauliza tena. Salimu alinikuta hapo, na nilipomweleza ninachotaka hakucheka. Alinipakata kwenye usukani, akaniambia kile kitu kinajua mahali ulipo, basi. Hakijui ulifanya nini ulipokuwa hapo. Nililia sana, zaidi ya nilivyolia msibani. Nilikiona kile kifaa ni bure kabisa.

Sijui kama mama alikuwa na kitu alichokingoja. Hakumtaja Trafiki hata kwa bahati mbaya. Basi ikaja siku ya mvua na ukungu, Canter imeshapakiwa nusu, uwanja umejaa akina mama na wapakiaji, na tukamwona Trafiki anashuka kilima peke yake, miguu peku, amelowa hadi mifupa. Alikwenda moja kwa moja kwa Salimu. Binti yake alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, mkunga amenyoosha mikono. Aliomba gari. Salimu akatazama matenga, kisha akamtazama mama, maana siku hiyo mzigo ulikuwa wake.

Mama aliendelea kuchambua plamsi. Alitenga iliyopondeka, akafuta mikono, ndipo akasimama.

"Mzee, siku Landrova ilipokuja kumchukua mume wangu, ulimwelekeza dereva wapi?"

Trafiki alisema mama, mtoto wangu anakufa. Mama akarudia swali lile lile, sauti ile ile. Salimu akaingilia, akasema, "Mama Zaina, huko kuna mtu anakufa."

"Najua," mama akasema. "Hata huyu alijua."

Mvua ilikuwa inagonga turubai la gari. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya tenga nikiomba, naomba kwa nguvu zangu zote, kwamba asijibu, ili gari lisiondoke kamwe. Nilitaka asimame pale na kusikiliza kama nilivyosikiliza mimi ukutani.

"Kushoto," Trafiki akasema, akitazama matope.

"Ulijua ni gari la nani?"

"Nilijua."

"Sema watu wasikie."

"Nilijua ni la Hoza. Nilijua anaumwa."

Kati ya wale wazee waliosema ni mapenzi ya Mungu walikuwepo wawili, nikaona mmoja anavua kofia yake na kuivaa tena. Mama akageuka akawaambia wapakiaji washushe matenga yote, na kwa sababu walizubaa akashika la kwanza mwenyewe. Matenga yakatupwa matopeni, plamsi zikabingirika uwanjani na kukanyagwa. Alileta godoro letu, akalitandika nyuma kwa mikono yake, akapiga bodi kwa kiganja. Gari likaondoka na Trafiki akining'inia pembeni. Binti alifika Lushoto, akapona, na mtoto wake wa kiume akapona.

Usiku ule mama alilala kama jiwe. Sikusikia meno. Asubuhi akinisuka nywele aliniambia amekwisha kupata alichokuwa anakitafuta, na kwamba nikipita njia panda nimwamkie yule mzee kama ninavyowaamkia wengine, kwa sababu yeye hakunizaa niwe mtoto asiye na adabu. Nikaitikia ndiyo mama. Lakini ni yeye aliyekuwa amepata. Mimi sikuwa nimepewa kitu.

Nilipotoka shule, pale njia panda Trafiki alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha kiduka kilichofungwa, na mbele yake wanawake kadhaa walikuwa wanapumzika na mizigo yao ya kuni. Nilifika karibu naye kuliko ilivyohitajika. Nikasimama. Kwetu mtoto kumpita mtu mzima bila kumwamkia ni sawa na kumtemea mate, na mkubwa akiona hivyo ana haki ya kumwita na kumchapa palepale. Alininyanyulia uso, macho mekundu ya kukesha hospitali, akangoja. Nikamtazama moja kwa moja, midomo nimeibana, mpaka nilipoona ameelewa. Kisha nikampita.

Nilikuwa nimeshapiga hatua chache niliposikia sauti yake nyuma yangu, kubwa, ya kuwasikilizisha wale wanawake.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Marahaba."

Sikugeuka. Kesho yake nikapita tena hivyo hivyo, na kesho kutwa, hadi nilipomaliza shule, na kila siku yule mzee aliitikia.